Aleji ya maua na damu ya ukoo: maswali mnayoniuliza kila mwaka jakaranda zikifungua

Kila mwaka ni vile vile. Mwezi wa tisa jakaranda za hapa Lubumbashi zinafungua, mji unakuwa zambarau, watu wa ndoa wanapiga foto chini ya miti, na simu yangu nayo inaanza kulia: prof, pua inatiririka, prof, macho ya mtoto yamevimba, prof, mama mkwe anasema hii kitu ililetwa na ukoo wetu. Mimi si munganga (daktari), bana. Nafundisha biolojia sekondari na pua yangu ni mbaya tangu utoto, njo maana nasoma sana juu ya hii mambo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeweka yote hapa.

Kitu kimoja mbele ya kuanza. Ile unga ya maua ambayo Wafaransa wanaita polène, kwa Kiswahili ni chavua. Nitaandika chavua, juu nikiandika poleni mtadhani nawapa pole kila mstari. Na jeni, yale maagizo ya mwili tunayopata kwa wazazi, ni jeni, si jini, hapo naomba tuelewane mapema.

Prof, kwanza aleji ya chavua ni nini, kwa kifupi?

Ni mwili kukosea adui. Chavua ni mbegu ya kiume ya mmea, haina sumu, haina mikrobi, inatafuta tu ua lingine na kwa bahati mbaya inaingia puani mwako. Kwa watu wengi inatoka na kamasi na habari inaisha hapo. Kwa wengine askari wa mwili wanaziona protini za ile chavua na wanaanza kutengeneza kingamwili ya aina moja inayoitwa IgE, nayo inaenda kukaa juu ya seli za masti, ambazo zimejaa ndani ya pua, macho na mapafu. Siku chavua ile ile inarudi, inakuta mtego umeshategwa, masti zinafunguka, histamini inamwagika, na ndani ya dakika chache una chafya kumi na mbili mfululizo katikati ya misa.

Mzungu mmoja wa Uingereza, John Bostock, munganga, alieleza huu ugonjwa mwaka 1819 na mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe. Mwenzake Charles Blackley, mwaka 1873, akatoa kitabu cha kuonyesha kwamba chanzo ni chavua, na njia yake ilikuwa kujiwekea chavua puani mwenyewe. Hiyo IgE yenyewe haikujulikana mpaka miaka ya 1966 na 1967, ilivumbuliwa na wanasayansi wa Kijapani waliokuwa Marekani na wengine wa Sweden, kila kikundi kwa njia yake.

Ni kweli inarithiwa?

Ndiyo, lakini kinachorithiwa si ile aleji, ni wepesi wa kuipata. Shikeni hapo juu maswali mengine yote yanarudi hapo.

Tangu mwaka 1916 kule New York waganga walishaandika kwamba watu wenye hii shida mara nyingi wana wazazi au ndugu wenye shida kama hiyo. Hesabu zinazotajwa mara nyingi, nazo zimetoka Ulaya, zinasema hivi: mzazi mmoja akiwa na aleji, karibu mtoto mmoja kwa watatu ataipata, wazazi wote wawili wakiwa nayo inapita nusu, na hata pasipo mzazi yeyote mwenye nayo bado karibu mtoto mmoja kwa kumi anaipata. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Unaweza kuwa wa kwanza kwenu.

Kitu kingine, haitoki kila mara kwa sura moja. Kwetu papa alikuwa na pumu, mimi niko na pua, mdogo wangu ana ile upele ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti inayomwasha usiku mpaka analia. Tulipokuwa watoto tulidhani ni magonjwa matatu. Kumbe mwaka 2017 watafiti walichukua jeni za watu zaidi ya 360,000 na kukuta sehemu 136 zinazohusika na pumu, aleji ya pua na ile upele, na sehemu kubwa ya hizo zinachangiwa na yote matatu. Ni ndugu wa tumbo moja ambao kila mmoja amevaa nguo yake.

Basi ni kama SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu? Tupime kabla ya ndoa?

Hapana hapana hapana. Hili swali naulizwa na vijana wanaotaka kuoana na naelewa linatoka wapi, juu hapa kwetu kila mtu ameshasikia AS na SS, parokia zinaomba karatasi ya teste, na watu wameachana kwa ajili yake. Sasa tumezoea kufikiri kila kitu cha kurithi kinaenda vile.

SS ni jeni moja, tena ndani ya hiyo jeni ni herufi moja tu iliyobadilika. Ukizipata mbili, moja ya papa na moja ya mama, una ugonjwa. Ukipata moja hauna, ila unaibeba. Ni hesabu ya ubaoni, wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wanaifanya wakiwa wamelala nusu.

Aleji ya chavua haina hiyo hesabu. Mwaka 2018 kulitoka utafiti mkubwa juu ya aleji ya pua peke yake, wagonjwa karibu 60,000 wakilinganishwa na watu wasio nayo zaidi ya 150,000, na wakafika kwenye sehemu 41 za jeni, kila moja inasukuma kidogo kidogo, moja asilimia chache, nyingine asilimia chache. Ni kama sufuria ya sombe, huwezi kunyoosha kidole na kusema utamu umetoka kwenye hii chumvi. Kwa hiyo kuvunja uchumba juu mpenzi wako anapiga chafya, hiyo tafuta sababu nyingine.

Hizo jeni zinafanya kazi gani mwilini?

Hapa nitakaa, juu ndiyo sehemu ninayoipenda, asiye na subira aruke.

Kwanza kuna jeni zinazoitwa HLA. Hizi ziko kwenye kromosomu ya 6 na kazi yake ni kuonyesha. Fikiria mama wa soko la Kenya hapa Lubumbashi, anachota unga kidogo kwenye gunia, anauweka kwenye kiganja, anakuonyesha: angalia, huu ni mweupe. Seli zako zinafanya vile vile, zinameza chavua, zinaikata vipande, zinaweka kipande kwenye kiganja cha HLA na kukionyesha kwa askari. Sasa viganja vya watu havifanani. Kuna kiganja kinashika kipande cha nyasi vizuri sana, kingine kipande hicho hicho kinateleza na kuanguka, askari hawaoni kitu na mwenye mwili analala vizuri. Mfano mzuri kabisa ni wa mwaka 1982, Marekani, kikundi cha David Marsh kule Johns Hopkins: kulikuwa na protini ndogo ya chavua ya ambrosia, mmea unaowasumbua sana kule, na karibu wote waliokuwa na aleji ya protini hiyo walikuwa na HLA ya aina moja, wakaiita Dw2. Lakini angalieni vizuri, wenye Dw2 wengi hawakuwa na shida yoyote. Kiganja ni lazima, ila kiganja peke yake hakitoshi.

Halafu kuna jeni za kelele. IL13, IL4, STAT6, IL33, TSLP, haya majina msiyashike, shikeni kazi yake. Ni kama kitufe cha sauti cha radio. Askari wote wana radio lakini kwenu wameipandisha, kwa hiyo mwili unatoa IgE nyingi kwa kitu kidogo. Kuna aina moja ya IL13 ambapo kipande kimoja tu cha protini kimebadilika na watu wenye nayo kwa wastani wanakuwa na IgE ya juu kuliko wengine.

Tatu kuna ukuta. Ngozi inashonwa na protini inaitwa filagrini, na mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba watu wenye jeni yake iliyovunjika wanapata ile upele ya kuwasha zaidi, na wengi wao baadaye wanapata pumu na aleji nyingine. Ukuta una ufa, wageni wanaingia kabla mlinzi hajaamka. (Juu ya Waafrika na filagrini nitarudi chini, kuna kitu cha kusema.)

Ya nne ndiyo ingepaswa kutuuma sisi wa Lubumbashi. Kuna jeni za kusafisha, zinaitwa GSTM1 na GSTP1, zinasaidia mwili kuondoa uchafu wa moshi. Watu wengine GSTM1 hawana kabisa, imekatika tu kwenye ukoo, na wanaishi bila kujua. Mwaka 2004 watafiti walichukua watu wenye aleji ya ambrosia, wakawawekea puani chavua pamoja na moshi wa dizeli, na waliokosa hiyo jeni miili yao ikajibu kwa IgE na histamini nyingi kuliko wenzao. Sasa wewe simama jioni kwenye barabara ya Likasi, makamyoni ya minerai yamepanga mstari, moshi mweusi, vumbi nyekundu, halafu unauliza kwa nini pua ya kwako na si ya jirani.

Nina mapasa, Kyungu anapiga chafya kila asubuhi, Kabange hana kitu. Inawezekanaje?

Inawezekana sana mama, tena mapasa ndio waliotufundisha haya yote. Watafiti wanachukua mapasa wanaofanana kabisa, ambao jeni zao ni moja, na mapasa wa kawaida ambao wanafanana kama ndugu tu, halafu wanaangalia mara ngapi wote wawili wanaugua. Wanaofanana wanaugua pamoja mara nyingi zaidi, kwa hiyo jeni zinafanya kazi, na mahesabu mengi yanazipa zaidi ya nusu ya sababu. Lakini hata hao wanaofanana mara nyingi mmoja anakuwa na aleji na mwingine anakosa. Kule Sweden walifuata jozi karibu 7,000, matokeo yakatoka mwaka 1971, na wakakuta kwamba mmoja wa wanaofanana akiwa na aleji, kuna karibu nafasi moja kwa nne tu kwamba mwenzake naye anayo.

Kyungu labda aliugua kifua akiwa na miezi mitatu, labda alipewa antibiotiki mara nyingi, labda analala upande wa ukuta wenye unyevu. Vitu vidogo vile. Na kama Kyungu na Kabange ni wa kike na wa kiume, basi hao ni ndugu tu waliozaliwa siku moja.

Mimi ni nyasi, mtoto wangu ni mende na vumbi. Alirithi nini sasa?

Alirithi ule wepesi. Kitufe cha sauti kimepita kutoka kwako kwenda kwake, lakini wimbo anachagua mahali anapoishi. Wewe ulikulia kijijini katikati ya nyasi, yeye amekulia hapa mjini Katuba, katika nyumba ya vyumba viwili yenye zulia na mende, basi mwili wake ulijifunza mende. HLA inaamua kidogo kipande gani kitashikwa, hiyo tumeona, lakini huwezi kupata aleji ya kitu ambacho hujawahi kukutana nacho.

Jakaranda njo inatuua, si ndiyo?

Nataka mfanye kitu. Chukua ua moja la jakaranda lililoanguka, lichane, ingiza kidole ndani. Utaona chavua ni kidogo na inashika kidole, inanata. Ni juu hiyo chavua inasafiri kwa nyuki, jakaranda inalipa usafiri kwa asali. Miti yenye maua ya kupendeza, yenye rangi na harufu, mara nyingi iko vile, haihitaji upepo, kwa hiyo chavua yake haifiki puani mwako ukiwa mbali.

Sasa nenda asubuhi kwenye nyasi ndefu mwishoni mwa mvua, mwezi wa nne hivi, zikiwa zimetoa vichwa, piga kwa fimbo. Wingu. Unaliona kabisa kwenye jua, la manjano. Nyasi hazina rangi wala harufu wala asali, zinamwaga chavua kwa mamilioni na kumwachia Mungu na upepo. Hiyo ndiyo yenye shida. Hata ile nyasi fupi ya uani ambayo watu wanaipanda ifunike udongo, ile inayotambaa na kutoa vidole vinne vitano juu kama mguu wa kuku, ni moja ya nyasi zinazojulikana duniani kote kwa aleji.

Na kwa nini basi mwezi wa tisa ndio mnaugua? Juu ni mwisho wa kiangazi, hakujanyesha kwa miezi, vumbi imekuwa unga, watu wamechoma pori, moshi wa makala kila mahali, pua imeshakuwa kidonda. Jakaranda inafungua tu siku hizo hizo, tunaikamata sababu inaonekana. Ni kama mtu mwenye shati nyekundu kwenye vurugu za sokoni.

Ndugu yangu alihamia Ubelgiji, hapa hakuwa na kitu, sasa kila mwezi wa nne analia machozi. Jeni zimebadilika?

Jeni ni zile zile alizopanda nazo ndege Luano. Kilichobadilika ni miti. Kule kuna mti unaitwa betula, una gome jeupe, unamwaga chavua ya upepo kati ya mwezi wa tatu na wa tano, na hapa kwetu haupo kabisa. Wahamiaji wengi wanakaa miaka miwili mitatu bila shida halafu inaanza, tena inaongezeka kadiri miaka inavyopita, juu mwili ulikuwa unajifunza polepole. Wepesi alikuwa nao tangu tumbo la mama yake, ulikuwa unangoja tu kitu cha kushika.

Na akikwambia siku hizi tofaa linamwasha mdomoni, msimcheke. Protini ya betula inafanana na protini ya tofaa, askari wanachanganya.

Mbona nkambo (mababu) zetu hawakuwa na hii kitu?

Wengine walikuwa nayo, iliitwa mafua ya vumbi. Lakini ni kweli imeongezeka mijini, na jeni za ukoo hazibadiliki kwa vizazi viwili, kwa hiyo lazima ni maisha.

Kuna mfano nimeupenda. Marekani kuna jamii mbili za wakulima, Waamish na Wahutterite, wote mababu zao walitoka Ulaya ya kati, jeni zao zinakaribiana sana, wanakula karibu sawa, wote wana familia kubwa. Waamish wanalima kwa farasi na watoto wanacheza karibu na zizi. Wahutterite wana matraktari na shamba kubwa liko mbali na nyumba. Mwaka 2016 walipima watoto 60, nusu kwa nusu. Kwa hesabu za zamani za hizo jamii mbili, pumu ilikuwa karibu asilimia 5 kwa watoto wa Kiamish na 21 kwa wa Kihutterite, na dalili za aleji kwenye mwili 7 kwa 33. Jeni karibu moja, vumbi ya nyumba tofauti.

Ujerumani nayo, ukuta wa Berlin uliotenga mashariki na magharibi ulipoanguka, watu walitegemea upande wa mashariki wenye moshi mbaya wa makaa utakuwa na aleji nyingi. Wakakuta kinyume, watoto wa Leipzig, mashariki, walikuwa na aleji ya chavua kidogo kuliko wa Munich, magharibi. Watu wale wale, lugha moja.

Na minyoo. Hii inatuhusu. IgE haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kutusumbua na maua, kazi yake ya zamani inaonekana ni kupigana na minyoo. Jeni ya STAT6 ambayo nimeitaja pale juu, aina zake nyingine zinahusishwa na kukinza minyoo ya tumbo. Kwa hiyo huenda nkambo zetu waliopona ndio walituachia hiyo radio ya sauti kubwa, ilikuwa na faida. Tena minyoo yenyewe ina ujanja wa kupunguza sauti ili isifukuzwe: Gabon, mwaka 2000, watoto wa shule wenye kichocho walionyesha aleji ya vumbi kidogo kuliko wenzao. Tafadhali, hii si ruhusa ya kuacha dawa ya minyoo. Kuna papa mmoja aliniuliza na hakuwa anacheka.

Waafrika tuna jeni za aina yetu kwa hii mambo?

Hapa ninakasirika kidogo. Mpaka mwaka 2018, kati ya watu wote waliokuwa kwenye tafiti za aina hii za jeni duniani, karibu asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na Waafrika karibu 2. Mbili! Na Afrika ndiko jeni za binadamu zina tofauti nyingi kuliko bara lolote, watu wa vijiji viwili hapa wanaweza kutofautiana kuliko Mfaransa na Mchina. Chukua ile filagrini, Ulaya karibu mtu mmoja kwa kumi ana jeni iliyovunjika, kumbe kwa Waafrika ile mivunjiko ni nadra sana, na ile upele bado tunayo. Maana yake ukuta wetu una ufa mahali pengine. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi ya hatari ya aleji iliyopigiwa mahesabu ya Wazungu, mwambie asante.

Kuna teste ya jeni ninunue? Nimeona kwenye intaneti, mate unatuma kwa posta.

Weka dola zako mfukoni. Ukishaona papa ana pumu na wewe una pua, umeshapata karibu habari yote ambayo ile teste ingekupa, na bure.

Teste yenye maana ni ya ngozi. Wanaweka matone ya vitu mbalimbali mkononi, wanachoma kidogo kwa sindano, wanangoja dakika 15 au 20, na panapovimba milimita 3 au zaidi ndipo kuna jibu. Usinywe dawa ya aleji karibu wiki nzima kabla, la sivyo ngozi itanyamaza. Na kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, mwambie anayepima apitishe kidole ahisi uvimbe, mimi mara ya kwanza niliambiwa sina kitu na kumbe mkono ulikuwa umejaa vilima. Ile teste ya damu ya IgE ya jumla kwetu inadanganya, juu mwenye minyoo naye inapanda. Mwombe ile inayotaja kitu kimoja kimoja, kama ipo.

Mama mkwe anasema ni laana ya ukoo wangu.

Mama, mtoto anachukua nusu kwako na nusu kwa mtoto wa huyo mama mkwe. Muulize kwa heshima nani kwao alikuwa anakohoa usiku. Kwangu kulikuwa na kimya kirefu halafu mama mkwe wangu akakumbuka shangazi yake.

Dawa je? Famasi wananipa sindano, aleji inaisha siku hiyo hiyo.

Hiyo sindano huwa ni deksametazoni, na ndiyo, inaisha, mimi nilipigwa tatu kwa mwezi mmoja kwenye famasi ya mtaani na nilijisikia mfalme, mpaka munganga mmoja aliponipima presha na sukari akanifokea kama mtoto. Ikizoeleka inapandisha sukari, inakula mifupa, inalaza tezi zako. Si ya pua.

Kuna setirizini au loratadini, kimoja kwa siku, hailazi sana kama zile za zamani za kulala mezani. Na dawa ya kupuliza puani ya kila siku, ambayo watu wanaitupa juu wanapuliza mara mbili na hawaoni kitu. Inataka wiki moja mbili. Mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, elekeza nje upande wa sikio, si katikati, la sivyo utatoka damu. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa ni rahisi na inasaidia.

Ila kifua kikianza kubana, kikipiga filimbi, ukashindwa kumaliza sentensi, achana na hii ukurasa na uende lopitali. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ilipiga wakati nyasi zimemwaga chavua, mbegu zikapasuka angani kuwa vipande vidogo vinavyofika ndani ya mapafu, maelfu wakakimbilia lopitali na watu 10 wakafa. Wengi wa hao maelfu walikuwa watu wa chafya tu, hawajawahi kuitwa wa pumu.

Nina mimba, nifanye nini mtoto asirithi?

Kurithi hauwezi kuzuia, kura imeshapigwa. Unaweza kupunguza kelele. Asivute mtu sigara ndani, mbabula (jiko la makala) itoke nje ya nyumba hata kama mvua, nyonyesha. Na usianze kukataa samaki na karanga sababu ya uoga, hiyo haijaonyesha kumsaidia mtoto.

Nina miaka 41 na imeanza mwaka jana. Ni jeni kweli?

Zinaweza kungoja. Mara nyingi inaanza utotoni au ujanani, lakini uliza kwanza nini kimebadilika: nyumba mpya, kazi mpya, moshi mpya. Na inaweza kupoa uzeeni, papa alipofika sabini alisahau pumu yake iko mfuko gani.

Basi nikate jakaranda ya mbele ya nyumba?

Usikate. Kata nyasi za uani kabla hazijatoa vichwa, na aikate mtu mwingine, si wewe mwenye pua.